Mwenyeji wa Ngazi Zetu

Ti. Ti. Ti.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lilipozama. Nilikuwa chumbani gizani, namlaza binti yangu wa miaka mitano. Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ndogo, kama kijiko kinachogonga chuma.

"Mama, panya," alisema binti yangu.

"Panya gani anashika kijiko?"

Niliwasha tochi ya simu, nikaenda jikoni. Wifi yangu alikuwa amesimama dirishani. Huyu ni mdogo wa mume wangu. Ana miaka kumi na minne, na anaishi nasi ili asome shule ya karibu. Alikuwa anagonga nondo za dirisha kwa kijiko.

"Wifi, unapika nini hapo dirishani?"

Alishtuka. Kijiko kikaanguka. Chini barabarani nilisikia miguu ya watu wakikimbia. Mara gari la doria la polisi likapita polepole mbele ya jengo letu. Taa zake zilimulika barabara yote. Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Nilikitazama kijiko. Nikamtazama wifi yangu.

"Nani amekufundisha kugonga hivyo?"

"Hakuna."

"Huyo Hakuna ana jina jingine?"

Akaanza kulia. "Pasi," alisema.

Pasi hatukuhitaji kuelezwa ni nani. Ni kijana mtu mzima, mwenye maneno laini. Tulimwita Pasi kwa sababu shati lake halikuwa na mkunjo hata siku moja. Jengo letu lina ghorofa tatu na ngazi moja tu. Kila siku mchana ukipinduka, Pasi na vijana wake walikaa kwenye ngazi hizo. Waliwapora simu watu waliotoka kazini. Walivunja vyumba. Majuzi tu walikuwa wamevunja chumba cha fundi cherehani wa chini, wakaondoka na mashine yake ya kushonea.

Jengo zima lilijua. Jengo zima lilinyamaza.

Tulichofanya sisi ni kununua makufuli. Kila nyumba iliweka mlango wa nondo mbele ya mlango wa mbao. Jirani yetu wa mkabala aliweka makufuli matatu, tukamwita Baba Makufuli. Jioni ikifika, ulisikia kla, kla, kla, kuanzia chini hadi juu. Ukitaka kuazima chumvi, unaipokea kati ya nondo kama mfungwa. Nilichoka! Lakini hata mimi nilikuwa na kufuli langu.

Asubuhi mume wangu alirudi kutoka kazini. Yeye ni mwokaji mikate, na zamu yake ni ya usiku. Bado alikuwa na unga kwenye nyusi. Nilipomweleza, alivua mkanda.

"Leo atanitambua!"

"Mkanda wa nini sasa?" nilimwuliza. "Wewe utampiga, Pasi atambembeleza. Atamkimbilia nani?"

"Basi arudi kwa mama kijijini."

"Na huko kijijini kina Pasi wamekwisha? Keti kwanza, baba. Tumsikilize."

Aliketi kwa hasira. Kiti kikalia.

Wifi yangu alieleza huku anatazama sakafu. Pasi alianza kwa kumbebea mkoba wa shule. Kisha akawa anamnunulia soda. Siku moja akamwambia, "Dada yangu, nyumba yenu inaona barabara yote. Ukiona gari la polisi, gonga dirisha mara tatu. Ni mchezo tu." Akagonga. Kumbe siku ile walikuwa wanamwibia fundi mashine yake.

"Nilitaka kuacha," alisema. "Pasi akaniambia nimeshakuwa mmoja wao. Akasema nikiacha, atamwambia fundi nani aligonga. Akasema polisi watanifunga mimi kwanza."

"Na kwa nini hukutuambia?" alifoka mume wangu.

"Kaka, Pasi ndiye pekee anayeniuliza nimeshindaje."

"Mimi nakuuliza kila siku!"

"Unaniuliza kama nimeosha vyombo."

Mume wangu aliutazama mkanda mkononi mwake. Kisha akavaa mkanda wake taratibu.

Kuta za jengo letu ni nyembamba. Nilipotoka kwenda kuteka maji, Baba Makufuli alikuwa anasubiri nyuma ya nondo zake.

"Mama, nimesikia kelele. Sitaki kujua," alisema. "Lakini nakushauri kama jirani. Ukitaka salama, funga mlango, funga na mdomo."

Chini kwenye bomba, kijana mmoja muuza mitumba alikuwa na ushauri wake. "Hawa dawa yao moja. Tumvizie Pasi, tumpige mpaka asahau jina lake."

"Jina lake tumempa sisi!" nilimjibu. "Jamani, nyinyi watu! Mmoja anataka tunyamaze kama maiti, mwingine anataka tuue. Hapa katikati hapana njia?"

Niliiacha ndoo palepale. Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikaeleza yote.

Kesho yake jioni, afisa ustawi alikuja nyumbani. Ni mama mnene, mchangamfu, mwenye kiatu kilicholegea. Alifika ghorofa ya tatu anahema.

"Nipeni maji kwanza," alisema. "Ngazi zenu zimetaka kunitoa roho."

Alikunywa. Kisha akatabasamu kidogo.

"Nimepita milango mingi humu. Yote imefungwa. Nimebisha miwili kuuliza njia. Ndani watu wapo, nasikia redio, lakini hakuna aliyeitika. Niliyemkuta ni kijana mmoja tu. Ana shati zuri! Ameniamkia, amenibebea mkoba, amenileta mpaka mlangoni kwenu."

Mume wangu alishika kichwa. "Mama afisa, huyo ndiye Pasi mwenyewe!"

"Nilihisi," alisema. "Sasa niambieni. Mgeni akifika nyumba fulani, anayempokea huitwa nani?"

"Mwenyeji," alijibu wifi yangu kwa sauti ndogo.

"Ehee. Basi mwenyeji wa ngazi hizi ni Pasi. Hakuwanyang'anya. Nyinyi mmemwachia, mkaenda kujifungia."

Maneno hayo yaliniuma. Makufuli yote yale! Kumbe tulikuwa tunajifunga sisi, na yeye tunamkabidhi jengo.

Afisa alimgeukia wifi yangu. Hakumkaripia.

"Mwanangu, umefanya kosa. Lakini mtu mzima anayemtuma mtoto kwenye uhalifu, kosa lake ni kubwa zaidi. Mtoto kama wewe tunamlinda kwanza. Unajua Pasi anakushikilia kwa kitu gani?"

"Kwa siri."

"Basi siri ikitoka, kamba imekatika. Si lazima umwambie kila mtu. Kaka yako na wifi yako wanajua. Mimi najua. Nani mwingine anastahili kujua?"

Wifi yangu aliutazama mlango. Mwishowe akasema, "Fundi."

Tulishuka naye, afisa nyuma yetu. Chumba cha fundi kilikuwa kitupu, kuna meza na vibunda vya nyuzi tu. Wifi yangu alisimama mlangoni, akasema yote bila kupumzika.

Fundi alimkazia macho. "Wewe? Mimi niliyekushonea sare?"

"Ndiyo. Nisamehe, baba."

Fundi aliinuka, akageukia ukuta. Nilidhani atapiga kelele. Mwishowe aligeuka.

"Nina hasira, siwezi kusema sina," alisema. "Lakini wewe hukuja kuvunja kufuli langu. Namtaka aliyekutuma. Mama afisa, tunaanzia wapi?"

"Kituo cha polisi," alisema afisa. "Lakini asiende mtu mmoja. Anayekwenda peke yake hujulikana, na hutishwa. Nendeni wengi siku moja. Kila aliyeibiwa aeleze lake. Mtoto huyu ataongea mbele yangu na mlezi wake, katika chumba cha faragha. Na mtu asimguse Pasi hata kwa kofi. Mkimpiga, kesho nyinyi ndio washtakiwa."

Sasa jaribu kuwakusanya majirani uone! Huyu anaumwa mgongo. Yule ana mgeni. Mwingine aliniambia ataenda "wakienda wote," na kila niliyemfuata alisema hivyohivyo. Nilipanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalia. Mwishowe nilisimama katikati ya jengo nikapaza sauti:

"Wote mnasema mtaenda wakienda wote! Hao wote ni nani? Ni nyinyi!"

Kisha nikasikia kla. Kla. Kla. Baba Makufuli akatoka, amevaa koti.

"Unapiga kelele kama king'ora," alisema. "Twende, basi, tupumzike."

Akitoka yeye mwoga, mwingine angebaki ndani kwa sababu gani? Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Tulijaa kituoni mpaka viti havikutosha.

Polisi waliandika maelezo ya kila mmoja. Siku chache baadaye waliwakamata watu wazima wawili waliokuwa wananunua vitu vya wizi. Pasi naye alishtakiwa. Kesi bado inaendelea, na yeye yuko nje kwa dhamana. Mashine ya fundi haikupatikana. Lakini wavulana wawili waliokuwa wanakaa na Pasi walikuwa watoto wa jengo hilihili. Afisa aliwaita wazazi wao, wakazungumza bila matusi. Mmoja amerudi shule. Mwingine anajifunza kuoka mikate kwa mume wangu, na analalamika kwamba unga unamwasha.

"Kukamata peke yake hakutoshi," afisa alituambia. "Ngazi zikibaki tupu, atakuja Pasi mwingine, na shati lake huenda likawa zuri zaidi. Jioni fungueni milango. Kaeni ngazini."

"Tukae ngazini tufanye nini?" aliuliza Baba Makufuli.

"Mnachofanya ndani. Chambueni maharage. Sukaneni nywele. Wasomesheni watoto. Hata mkigombana, gombaneni hapo."

Tulianza kwa aibu. Ilikuwa kama kukaa uchi! Mume wangu alifunga balbu kila ghorofa. Fundi aliazima mashine, akaiweka chini ya ngazi kwenye mwanga. Baba Makufuli alileta kiti na ubao wa drafti. Anacheza na watoto, na anawaibia kete mchana kweupe, kisha anaapa kwamba hakugusa. Mimi nasoma masomo ya jioni ya watu wazima, nami huketi hapo na madaftari yangu. Watoto wakitoka shule, wanapita kwetu sote, na kila mtu anauliza, "Umeshindaje?" Wifi yangu sasa analalamika kwamba anaulizwa mno.

Makufuli tunayo bado. Tunafunga tunapolala, si tunapoishi.

Muuza mitumba alishuka jana na simu yake mkononi, anaongea kwa sauti kubwa. Zamani asingethubutu. Hakuna chumba kilichovunjwa tena.

Lakini jioni moja Pasi alirudi.

Tulikuwa ngazini kama kawaida. Wifi yangu alikuwa amekaa katikati, anamfundisha binti yangu kusoma silabi. Pasi alipanda taratibu. Shati lilikuwa limenyooka vilevile. Alisimama chini yao kidogo, akatabasamu.

"Dada yangu, umepotea," alisema. "Twende hapo chini mara moja. Tuna mazungumzo."

Wifi yangu alishika kitabu kwa nguvu. Hakuinuka.

Mashine ya fundi ilinyamaza. Baba Makufuli aliweka kete chini. Mume wangu alitokea mlangoni, anafunga vifungo vya shati la kazi. Hakuna aliyekimbia ndani. Hakuna aliyeinua mkono. Sote tulimtazama Pasi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aweke wapi mikono yake.

Nilisimama nimjibu.

Binti yangu alinitangulia. Aliweka kidole kwenye silabi aliyofikia, isimpotee, akamwinulia Pasi uso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka chini:

"Shangazi haendi."