Abiria wa Ghorofa ya Nne

Saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa chini wa jengo lile ulikuwa umefurika. Lifti ilikuwa imekufa kwa siku ya tatu sasa, na watu waliotoka makazini walisimama mbele ya mlango wake wakimsema fundi aliyepiga magoti pale, tochi mdomoni. Ndipo nesi akaingia na mbwa. Maneno yakakatika, wengine wakajibana ukutani.

Hakuwa mbwa wa kutisha. Alikuwa grehaundi, wale mbwa wa mashindano ya mbio: miguu mirefu, kiuno cha nyigu, mbavu za kuhesabika, rangi ya majivu. Jike la miaka sita, kule uwanjani walishamwona mzee, na kituo cha kuokoa mbwa kikamchukua. Kila aliyefika kituoni alitaka mbwa wachanga. Nesi alikuwa na miaka arobaini na moja, ndoa iliyovunjika, na zamu za saa kumi na mbili mfululizo katika wodi ya upasuaji. Mhudumu wa kituo alipomwambia, "Huyu hataki kukimbia tena, anataka kulala tu," alijikuta anasaini fomu. Njiani akampa jina: Sindano.

Sasa Sindano alifika kwenye ngazi, akaitazama, akaketi.

"Twende, mama," nesi alimbembeleza. "Jitahidi kidogo tu."

Fundi alitoa tochi mdomoni. "Hajui ngazi huyo. Kakulia uwanjani, ngazi kaziona wapi?"

"Mimi nakaa ghorofa ya nne."

"Anauma?"

"Hana nguvu ya kuuma. Amechoka."

"Basi mmefanana."

Nesi alitaka kukasirika, lakini hata kukasirika kunataka nguvu. Akacheka. Fundi alijifuta grisi kwenye ovaroli lake la kijivu, akaingiza mkono chini ya kifua cha mbwa na mwingine nyuma ya mapaja, akamwinua. Kilo ishirini na nane. Kufika ghorofa ya pili alikuwa anahema, kufika ya nne hakuweza kusema.

"Asante," nesi alimwambia mlangoni. "Nikupe maji?"

"Nipe namba ya simu. Kesho asubuhi abiria wangu atashukaje?"

Ikawa hivyo. Fundi alikuwa na kazi katika majengo ya jirani, kwa hiyo alipita alfajiri na jioni. Simu ya nesi ililia wodini akiwa na glavu mkononi.

"Sista, abiria hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha amelala kwenye kochi."

"Na mwenye kochi?"

"Mwenye kochi anakaa chini sakafuni. Kanyang'anywa."

"Pole, kipenzi. Nitakuja kukutetea."

Kipenzi! Nesi alikata simu, akajikuta anatabasamu mbele ya mgonjwa aliyekuwa akishonwa.

Jioni fundi alimfundisha Sindano kupanda. Aliweka mguu mmoja wa mbwa kwenye ngazi, kisha wa pili, kisha akasubiri, hana haraka. Jumatano moja nesi alivaa gauni la njano ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu talaka, wakaketi wote watatu ngazini.

"Umependeza mpaka nasahau kazi," fundi alisema.

"Usisahau. Watu wanataka lifti."

"Nasubiri spea," akajibu, akaangalia pembeni.

Ijumaa ya wiki hiyo, asubuhi, nesi alirudi kutoka zamu ya usiku, miguu ikiwaka moto. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu alimkuta mama wa ghorofa ya tano, mwenye magoti mabovu, ameketi ngazini na bahasha ya hospitali, analia kimya kimya. Alikuwa ameanza kushuka kwenda kliniki, akashindwa kuendelea, akashindwa kurudi. Msimamizi wa jengo alisimama karibu naye, amechanganyikiwa.

"Mnangoja nini kutengeneza lifti?" nesi aliuliza.

"Mimi? Spea nimemkabidhi fundi wako tangu Jumatatu!"

Walimsaidia mama yule kupanda, ngazi moja, pumziko, ngazi moja. Kisha nesi akapiga simu akiwa bado na sare.

"Spea ilifika Jumatatu?"

"Ilifika."

"Leo Ijumaa."

"Najua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliogopa, Sista. Lifti ikipona, nitakuja kwako kwa kisingizio gani?"

"Ungebisha hodi! Watu wazima wanabisha hodi. Mama wa watu amekosa kliniki ili wewe upate kisingizio?"

"Sikumfikiria."

"Mume niliyeachana naye alikuwa ananidanganya kwa sauti hiyohiyo ya upole. Tengeneza lifti, usinipigie tena."

Usiku haujaingia, lifti ilikuwa inafanya kazi.

Wiki tatu zilipita. Nesi aliamka, akaenda kazini, akarudi, akalala. Simu ililia mara moja moja, na haikuwa yeye. Siku moja mama wa ghorofa ya tano alimsimamisha kwenye korido.

"Fundi wako alikuja kuniomba radhi. Nilimfokea nusu saa nzima, mwanangu. Alisimama akasikiliza mpaka nikachoka mimi. Kila Ijumaa ananipeleka kliniki."

"Siyo fundi wangu, mama."

"Haya. Lakini sura yako haijaambiwa hivyo."

Jumamosi mchana, kwa uchovu tu, nesi alimvuta Sindano kwenye lifti badala ya ngazi alizokwisha kuzizoea. Mbwa alitetemeka njia nzima, ameutumbulia macho mlango. Nesi hakuelewa. Kumbe mbwa wa mbio hufungiwa kwenye kijisanduku kabla ya kuanza, na kijisanduku kikifunguka maana yake ni moja tu: kimbia. Mlango ulipofunguka, Sindano alichomoka. Kamba ilimponyoka nesi, ukumbi ukapiga kelele, na mbwa akayeyuka barabarani katikati ya magari.

Nesi alikimbia mpaka kwenye kona, akaona barabara nne na magari tele. Vidole vilibonyeza namba bila kumuuliza.

"Sindano amekimbia."

"Nakuja."

Alifika akiwa na ovaroli na bisibisi mfukoni. Hawakusalimiana.

"Hawezi kufika mbali," alisema. "Hawa hukimbia dakika moja, wanaishiwa. Tutafute mahali pa kulala."

Walizunguka mitaa mitatu wakiuliza. Hatimaye muuza duka la samani aliwapungia mkono, uso umemkauka.

"Nyie ndio wenyewe? Mtoeni, jamani. Naogopa kumgusa."

Katikati ya duka, juu ya kitanda kipya ambacho godoro lake bado lina nailoni, Sindano alilala chali, miguu minne hewani, akikoroma.

Nesi aliketi ukingoni mwa kitanda. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Nilikosea," fundi alisema akiwa amesimama. "Si kwa kukupenda. Kwa kumwacha mama yule ateseke ili nikuone. Sitakuomba uniamini leo."

"Nimechoka," nesi alisema. "Nimechoka kazini, nimechoka nyumbani, na wiki tatu hizi nimechoka kukukasirikia. Ukinidanganya tena, hata kwa jambo dogo, ndiyo mwisho."

"Sitarudia."

"Nina arobaini na moja. Sina nguvu za uchumba wa miaka mitatu na simu za kuitana kipenzi. Unanioa au hunioi?"

Fundi alitazama mikono yake yenye grisi, akatazama nailoni ya godoro, akachuchumaa sakafuni ili macho yao yalingane.

"Nakuoa."

"Hongereni," muuza samani alisema. "Lakini mbwa ashuke."

"Mwache dakika kumi, kaka," nesi alimwomba. Akajinyoosha taratibu kando ya Sindano, viatu vikining'inia nje ya kitanda, akafumba macho.