Kibarua wa Saboti

Rafiki yangu Wakoli wa Bungoma alizoea kucheka misukule wa video, wale wanaotembea wamenyoosha mikono, na wazee wanaosema msukule akionja chumvi huzinduka. Majuzi alienda Saboti kuchukua mahindi kwa mjomba wake Eliakim, yule aliyelia kuliko sisi wote tulipomzika Khaemba, mdogo wake Wakoli.

Ghalani mlikuwa na giza. Punje zilidondoka kwenye beseni, to, to, to, na mtu akakohoa mara mbili, vile Khaemba alivyokohoa.

"Mjomba, nani huyo?"

"Si ni kibarua tu, bana. Beba gunia lako." Kisha Eliakim akageukia jikoni alikokuwa mkewe. "Sellah, chakula cha kibarua usitie chumvi."

Wakoli akawasha tochi ya simu. Kibarua hakugeuka. Sweta lake lilikuwa limeshonwa begani kwa uzi wa kijani, ule Wakoli alioshonea mwenyewe kabla ya kumvika ndugu yake ndani ya jeneza.