Kiti cha Kwenda Lhasa

Jumamosi ile soko la vipuri vya pikipiki la Chengdu lilikuwa linachemka kama chungu cha supu ya pilipili. Pang Lide, fundi wa viti, alikuwa na sindano mdomoni alipoingia mwanamke mwenye koti jekundu la mvua, buti zimejaa tope, akisukuma pikipiki. Nusura aimeze.

"Fundi, masika naenda Lhasa. Kiti hiki kitaniua hata milima sijaiona."

"Panda ukae, dada. Nione pa kukata."

"Uone nini?"

"Sponji hukatwa kwa kumfuata mkaaji. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi nzuri umejitafutia!"

Mama Zeng, muuza helmeti wa jirani, alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Suyun, ndilo jina la yule wa koti jekundu, akakaa. Lide akapiga mistari ya chaki, uso umemwiva. Tuseme ukweli: kiti cha siku mbili kilikula mwezi mzima. Leo sponji ngumu, kesho mshono umepinda, na kila kujaribu lazima mtu aje, na mtu akija lazima ale. Walikula vichwa vya sungura vya pilipili kwa mikono, midomo ikiwaka moto, na wala hawakuishia kwenye midomo tu. Simu nazo zikaanza.

"Umekunywa dawa ya mlima, kipenzi?"

"Chungu, fundi wangu!"

"Kunywa. Huko juu pumzi inauzwa kwenye makopo."

Lide hakuwahi kusema "usiende", wala "nichukue". Aliogopa tu kwamba barabara ile ingemmeza Suyun asirudi tena kwake.

Sasa, waendao nyanda za juu peke yao wana desturi: nusu ya nyuma ya kiti hukatwa, ikafungwa keria ya chuma ya hema na mafuta ya akiba. Fundi ajuaye kazi hangoji kuagizwa. Lide alikata na kushona kwa moyo wote, ingawa kila tundu la sindano lilimchoma yeye.

Siku ya kuchukua pikipiki, Suyun alikuja na gauni la maua na rangi ya mdomo. Alipokiona kiti, tabasamu likamkauka.

"Nyuma pamekwenda wapi?"

"Nimeweka keria. Hema litatulia vizuri…"

"Nani kakwambia nina hema?"

"Wote wanaokwenda peke yao…"

"Peke yangu. Haya. Asante, fundi."

Fundi tu. Lile "wangu" alikuwa ameondoka nalo.

Lide akapiga simu mpaka kidole kikachoka. Haikupokelewa.

"We kichwa cha sungura!" Mama Zeng akamfokea. "Nani huvaa gauni kwenda kuchukua pikipiki? Alikuja kukuomba uende naye, na wewe umeikata sehemu yako kwa mkono wako mwenyewe!"

Lide akarukia cherehani. Vipimo vya Suyun hakuhitaji kupima tena, alikuwa amevihifadhi. Kesho yake mchana akapanda treni na kiti begani, akasimama chini ya ghorofa la Suyun, mbele ya mabibi waliokuwa wakicheza majong, mchezo wao wa vigae. Safari hii simu ikapokelewa.

"Shuka, mpenzi."

"Nimelala."

"Saa tisa mchana?"

"Nimelala kwa hasira."

"Nimeleta kiti cha watu wawili. Nyuma nimekata kwa kipimo changu."

"Na wewe kakupima nani?"

"Mama Zeng. Kwa chaki."

Halafu kicheko kikasikika bila msaada wa simu, na Suyun akashuka na pajama na ndara.

"Huogopi milima?"

"Naogopa. Ila kubaki na cherehani naogopa zaidi."

"Dereva ni mimi."

"Kwani nimebisha?"

"Masikio laini kama tofu!" bibi mmoja akapiga kelele, na hiyo Chengdu ni sifa ya mume amsikilizaye mkewe.

"Njia yote ile," Suyun akasema, "mimi sipakii mwanamume asiye wangu."

"Basi nifanye wako."

"Jumatatu ofisi ya ndoa, Jumanne tunaondoka. Na acha kulia."

"Silii. Vumbi hili."

Lide akang'oa keria, akafunga kiti palepale. Suyun akawasha pikipiki.

"Shika vizuri."

"Nishike wapi?"

"Fundi mzima unauliza?"

Mikono iliyozoea sindano ikapata kazi nyingine, na mabibi wakaahirisha majong yao mpaka pikipiki ilipokata kona.