Kidude cha Kumsikia Mama

Sokoni watu walimwita Mita. Aliuza vitambaa, na aliweza kupima kitambaa kwa macho tu asikosee. Kwenye bei ndiyo usiseme. Wauzaji wa jumla wakimwona anakuja walivuta pumzi kwanza, maana walijua leo watabanwa. Mita mwenyewe alijisifia jambo hilo.

"Mimi siingizwi mjini," aliwaambia wenzake huku akikunja majora. "Mimi ndiye ninayeingiza watu."

Jioni alifunga kibanda na kurudi nyumbani kwa wazazi wake. Alikuwa amehamia kwao tangu mama yake alipoanza kuugua. Kitanda cha mama kilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, ili apate hewa. Kutwa nzima baba alikaa kwenye stuli kando ya kitanda hicho. Tangu ujana wake baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kwenye msumeno mkubwa. Kelele za msumeno ule zilimla masikio taratibu. Sasa ili akusikie ilibidi umpigie kelele sikioni, na hata hivyo alipata nusu ya maneno.

Mama naye ugonjwa wa mapafu ulimla sauti. Zamani akiita mtoto, mtaa wa pili waliitika. Yeye na Mita sauti zao zilifanana, hata ndugu wakipiga simu waliwachanganya. Siku hizi mama alinong'ona tu.

Basi nyumba moja ilikuwa na mmoja asiyesikia na mmoja asiyeweza kupaza sauti. Mwanzoni walifanya mzaha. Baba alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia, "Mke wangu siku hizi ananisengenya mbele yangu." Mama alicheka mpaka akakohoa.

Baadaye mzaha ukaisha. Mama alikuwa na jambo la kumwambia mume wake. Alimshika mkono, akasogeza midomo. Baba akainama, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa. Kuandikiana hakukuwezekana. Shule haikumpata hata mmoja wao. Mita alipoona wanavyohangaika alijitolea kumfikishia baba maneno hayo.

"Haya si ya kutumwa, mwanangu," mama alinong'ona. "Ni yangu na baba yako."

Mita akampeleka baba hospitali. Muuguzi wa masikio alisema vifaa vya kuvaa sikioni vipo, lakini lazima mtu apimwe kwanza, na zamu ya kupimwa ilikuwa mbali. Akawashauri kwamba wakati wakisubiri watafute kikuza sauti. Aliwaeleza kuwa ni kidude cha kutosha mfukoni. Kina kipaza sauti kidogo, na kina hedifoni. Mtu anong'one karibu nacho, mwenye hedifoni asikie.

Mita alizunguka maduka ya mjini asikione. Ndipo akafungua simu na kuingia kwenye duka la mtandaoni, moja ya yale makubwa yenye wauzaji wa nchi nyingi. Alikiona mara moja. Picha ilikuwa nzuri na bei haikuwa mbaya, lakini Mita ni Mita. Hawezi kununua kitu kwa bei aliyoikuta. Akamwandikia muuzaji kwamba apunguze.

Muuzaji alijibu upesi. Alimwita dada mpendwa. Alisema duka linamkata pesa nyingi, kwa hiyo ndani ya duka hawezi kupunguza. Lakini kama dada atamtumia pesa moja kwa moja, nje ya duka, atampa kwa nusu ya bei. Ila iwe leo, maana kimebaki kimoja.

Mita alicheka peke yake kibandani. Aliona amembana mtu wa ng'ambo kama anavyowabana wa hapa. Akatuma pesa.

Jioni ile alimwinamia mama yake. "Nimekinunua, Mama. Kinakuja. Utaongea na baba."

Mama alifumba macho kwa furaha. Tangu siku hiyo, kila Mita aliporudi kutoka sokoni, mama aliuliza kwa midomo, "Kimefika?" Naye Mita alijibu, "Kiko njiani."

Kidude hakikuja. Ikaja meseji. Ilidai imetoka kwa kampuni ya kusafirisha mizigo, ikasema mzigo umezuiwa forodhani, na ili uachiwe alipe ada kwa namba iliyoandikwa hapo chini. Moyo wa Mita ulisita. Lakini alimfikiria mama akihangaika na pumzi kila asubuhi, akatuma tena. Halafu muuzaji akanyamaza. Simu haikupokelewa, meseji hazikujibiwa, na siku moja jina lake halikuonekana kabisa.

Hapo Mita alielewa. Aliketi juu ya jora la kitambaa. Pesa zilimuuma, lakini kilichomtafuna zaidi ni lile swali la jioni. Alirudi nyumbani, mama akauliza, "Kimefika?" Mita akashindwa kusema ukweli.

"Kiko njiani, Mama."

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, yeye mwenye kuingiza wengine mjini? Nyumba ya pili alikaa mwanamke aliyekodisha spika kwenye sherehe na misiba. Mtaa mzima ulimwita Mama Spika. Huyu alikuwa akiagiza vyombo vyake ng'ambo kila mara. Lakini Mita alikuwa amegombana naye. Siku moja Mama Spika alikuwa akijaribu spika zake uani, na Mita alitoka kwa hasira akamwambia kuna mgonjwa, azime makelele yake. Mama Spika alizima na kuomba radhi. Mita hakumjibu. Tangu hapo walisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Kumwendea sasa na aibu mkononi kulikuwa kugumu. Akangoja, na alipokuwa akingoja, sauti ya mama ikazidi kupungua.

Asubuhi moja mama alisogeza midomo, na hakukutoka hata mnong'ono. Hewa tu. Baba hakujua tofauti, kwa sababu kwake ilikuwa vilevile. Aliendelea kuinama na kutega sikio. Mita aliwatazama, akatoka nje mbio mpaka kwa Mama Spika. Aibu zote alizisahau mlangoni. Alieleza kila kitu huku akilia, tangu bei ya nusu mpaka ada ya forodha.

Mama Spika alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Mdogo wangu, na mimi nipo hapa? Nina miksa ya kupandisha sauti, nina kipaza sauti, nina hedifoni kubwa. Ungeniambia ningeleta siku ileile."

Mita alijua spika za jirani yake kama makelele. Hakuwahi kufikiri kwamba chombo kinachopaza sauti uwanjani kinaweza pia kuiingiza sauti ndogo kwenye sikio moja. Maneno yale yalimkata. Mama Spika hakuongeza neno. Alibeba miksa yake, Mita akabeba nyaya, wakaingia sebuleni.

Walimvalisha baba hedifoni. Mama Spika akaweka kipaza sauti karibu na midomo ya mama, akapandisha sauti kidogo kidogo, kwa uangalifu, asije akayaumiza masikio yaliyobaki. Mama alisogeza midomo. Mita akajua ni maneno, ila hayakuwa na sauti ya kuyabeba.

Baba aliinamisha kichwa. Kisha uso wake ukabadilika.

"Anapumua," alisema. "Namsikia anapumua."

Aliushika mkono wa mama, akaanza kulia. Mama akamtazama, akaacha kusogeza midomo, akawa anapumua tu ili asikiwe. Mita aligeukia ukutani. Alimlilia mama yake, na alijililia mwenyewe kwa zile jioni zote za "kiko njiani."

Mama Spika aliviacha vyombo vyake pale, ingawa alikuwa na watu wa kukodi. Baba hakuivua hedifoni ila kwa kula na kuswali. Mchana mmoja Mita alikuwa jikoni akikoroga uji. Alimsikia baba akiita jina la mama, mara moja, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka. Alipofika sebuleni baba alikuwa anaivua hedifoni. Katika nyumba ile, asiyesikia ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Msiba ulipita. Watu walirudi makwao, na baba akabaki kwenye stuli, akitazama pale kitanda kilipokuwa. Sasa hakuwa na hata mkono wa kushika. Mita alijikaza akaenda tena kwa Mama Spika.

"Nataka kumnunulia baba kile kidude," alisema. "Nifundishe. Sitaki tena kujidai najua."

Mama Spika alimvutia kiti. "Hata mimi nilifundishwa na hasara. Amplifaya yangu ya kwanza kutoka ng'ambo ilikuwa ya umeme mdogo kuliko wetu. Nilipoichomeka ilitoa moshi kabla haijatoa sauti." Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko chao cha kwanza baada ya msiba.

Wakafungua simu pamoja. Mama Spika alimwambia asianze na bei, aanze na muuzaji. Ameuza kwa muda gani? Wanunuzi wanasemaje? Asisome sifa tu, asome hasa malalamiko, na atazame picha walizopiga wanunuzi wenyewe, kwa kuwa picha ya muuzaji inaweza kuwa ya kuibwa. Muuzaji wa kwanza waliyemwona alikuwa amefungua duka juzi. Wakamruka. Wa pili watu walilalamika kwamba hedifoni zake hufa mapema. Wakamruka naye. Wa tatu alionekana mtu wa kuaminika. Wakasoma maelezo ya kidude mpaka chini: kinachajiwa kwa umeme gani, plagi yake inaingia kwenye soketi zetu, betri imo, dhamana ipo. Wakajumlisha na nauli na ushuru, maana bei ya kwenye picha si ndiyo bei ya mlangoni.

Mita, mkono ukimwasha, alimwandikia muuzaji apunguze. Mama Spika alitabasamu, hakumzuia. Jibu likaja: atapunguza, ila dada alipe nje ya duka.

Mita alimsogezea Mama Spika simu. Hata huyu mwenye sifa nzuri.

"Hapo ndipo ulipoangukia," alisema Mama Spika. "Pesa ukilipa ndani ya duka, duka linazishika. Muuzaji hazipati mpaka wewe useme mzigo umefika salama. Ukilipa nje, umemkabidhi mtu usiyemjua, na duka haliwezi kukusaidia. Anayekutoa nje, mwache."

"Na mimi niliona nimembana," alisema Mita.

Wakamwacha. Wa nne hakupunguza hata senti, na Mita alilipa bei kamili, ndani ya duka, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mama Spika akamwonya pia kwamba namba ya siri isitoke kwake, hata anayeiomba akijiita mtu wa duka. Na meseji ya forodha ikija, asilipe kwa namba iliyomo. Aangalie mzigo kwenye duka lenyewe kwa namba yake ya kufuatilia, kisha aende mwenyewe kwenye ofisi ya mizigo akaulize. Ushuru wa kweli upo, na hulipwa kwa risiti.

Meseji ya ushuru ilikuja. Mita hakuigusa namba iliyomo. Alikwenda ofisi ya mizigo, akaambiwa ushuru kweli upo, akalipa na kupewa risiti. Kabla ya kufungua boksi, Mama Spika alishika simu na kupiga video tangu gundi ikiwa haijakatwa. Ilisaidia. Upande mmoja wa hedifoni haukutoa sauti. Mita hakubonyeza kwamba amepokea salama. Alituma video kwenye duka siku hiyohiyo, muda wa kulalamika ukiwa haujapita, na muuzaji akaleta hedifoni nyingine bila kuongeza pesa.

Siku hizi wenzake sokoni wakitaka kununua redio au spika mtandaoni humwendea kwanza. Huwaeleza yote, hata lile la bei ya nusu. Wasiomwelewa huwapeleka kwa Mama Spika.

Lakini siku ile hedifoni nzima ilipofika, Mita alimvalisha baba yake na kupiga magoti mbele ya stuli. Akashika kipaza sauti kidogo kwa mikono miwili. Baba alimwahi.

"Mama yako alitaka kuniambia nini?" aliuliza.

"Sijui, Baba. Alikataa kuniambia. Alisema ni yenu wawili. Kidude hiki kingefika mapema ungemsikia. Nilidanganywa, nikaona aibu, nikanyamaza. Nikawa nawaambia kiko njiani. Nisamehe."

Baba alimkazia macho.

"Sema tena," alisema.

Mita alidhani hajasikia. Akarudia yote, polepole, machozi yakimtoka. Baba akaweka mkono wake mzito kichwani kwa binti yake.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza, mwanangu. Nimekusamehe. Ila sikujua kwamba sauti yake umebaki nayo wewe." Akairekebisha hedifoni masikioni. "Usinyamaze. Niambie chochote. Niambie umeuza nini leo."

Mita akajifuta macho kwa ncha ya khanga yake, akavuta stuli ya pili, akaanza kumsimulia: aliyekuja asubuhi, kitambaa alichotaka, na bei waliyovutania. Alisimulia mpaka jua likachwa.