Roho Inaniuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuo kikuu, Immaculée alizunguka uani kwao Bunia akikariri somo la mwili wa binadamu. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, na kichwa chake kikishika neno hakiachii. "Oreillette, ventricule, aorte," alisema, akihesabu sehemu za moyo kwa vidole.

Mama yake, Adèle, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Tangu mumewe afukiwe na udongo katika shimo la dhahabu kule Kilo, miezi minne iliyopita, alikuwa na maneno yale yale: roho inaniuma. Na pale kwao roho ndiyo inayohuzunika, na roho ni moyo wenyewe unaodunda kifuani. Neno ni moja.

Asubuhi ya mtihani mama aliacha kutwanga. Jasho lilimtoka, na jua lilikuwa bado halijapanda.

"Immaculée, roho inaniuma. Na huu mukono wa kushoto iko nzito."

"Ni mawazo ya baba, mama. Keti kidogo, itapita," alijibu Immaculée, macho kwenye daftari.

"Sawa. Weye nenda, usichelewe."

Mtihani uliuliza dalili za moyo unaokosa damu. Immaculée aliandika bila kusita: maumivu ya kifua, mkono wa kushoto kuwa mzito, jasho. Wala hakushtuka. Aliporudi nyumbani, ua ulikuwa umejaa majirani wanaolia. Sombe ilikuwa bado kinuni. Mama alikuwa amefariki.

Immaculée alipata kumi na nane juu ya ishirini katika mtihani ule. Mwalimu wake, profesa Athanase, alipomletea karatasi ile matangani, Immaculée aliichana.

"Niliandika jibu, profesa, na jibu lilikuwa limesimama mbele yangu. Sirudi tena chuoni." Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Profesa akaviokota vipande vya karatasi.

"Sitakudanganya," akasema. "Labda hospitali ingemwokoa, labda isingemwokoa. Lakini mwanangu, mgonjwa hasemi maneno ya kitabu. Anasema kama mama yako. Kukariri si kujua. Muulize: wapi? Tangu lini? Kuuliza si ujinga. Na kosa ni letu pia, sisi tunaowapa alama kwa kukariri tu. Ukiacha sasa, nani atawauliza wamama wengine?"

Uchungu haukuisha, wala asikudanganye mtu kwamba uliisha. Lakini Immaculée alirudi chuoni.

Miaka miwili baadaye, Immaculée alipokuwa akifanya mazoezi ya udaktari katika kituo cha afya, mama mmoja muuza makaa aliketi mbele yake. "Roho inaniuma," alisema. "Nimefiwa na mutoto." Muuguzi alishaanza kumpa pole ili aende zake. Immaculée akafunga daftari.

"Pole sana, mama. Nionyeshe. Inauma wapi?"

Yule mama akaweka kiganja kifuani, akakipitisha polepole mpaka mkono wa kushoto. Alipelekwa hospitali saa ile ile, akapona.

Binti wa muuza makaa alipokuja kushukuru, hakumkuta Immaculée. Alikuwa nyuma ya kituo, akimlilia mama yake mwenyewe, ambaye yeye hakumuuliza inauma wapi.