Mbumi Aosha Ubuyu

Mbumi alikuwa na miaka mitano. Alikaa Kongwa, katika nyumba yenye mlango wa bluu, pamoja na Mama, Baba na mdogo wake Nyemo.

Nyemo alikuwa bado mdogo sana. Alichosema dada, naye alikisema.

Siku hiyo Mama alikuwa kitandani. Alikuwa ameugua homa. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, na homa ikashuka. Lakini Mama hakutaka kula.

Baba alimpikia uji. Mama akaonja kidogo.
"Mchungu," akasema.

Baba alimchemshia yai.
"Chungu," akasema.

Baba alimletea maji ya kunywa.
"Baba Mbumi, hata maji ni machungu!"

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na wasiwasi.
"Si uji, Mama Mbumi. Ni mdomo wako. Homa imeuharibu. Lakini muuguzi amesema usipokula leo, jioni nikurudishe zahanati. Watakulaza huko."

Mbumi alisikia. Mama? Alale zahanati? Bila Mbumi? Bila Nyemo?

Macho pima, mdomo wazi!
"Ha! Makubwa haya!" akasema Mbumi.
"Makubwa!" akasema Nyemo.

Mbumi akapanda kitandani, akamshika Mama shavu.
"Mama, unatamani nini?"

Mama akafumba macho, akawaza.
"Natamani kitu kichachu, mwanangu. Natamani ubuyu. Ningepata ubuyu, ningekula."

Ubuyu! Mbumi aliujua ubuyu. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa na sukari. Ukiula, ulimi wako nao unakuwa mwekundu.

"Kimbieni hapo kwa Mama Yoeli, mkamwombe," Baba akasema. "Mimi nafuata maji bombani."

Mbio, mbio, mbio! Mbumi mbele, Nyemo nyuma.

"Hodi, Mama Yoeli! Shikamoo!"
"Koo!" akasema Nyemo.
"Marahaba, wanangu. Mama anaendeleaje?"
"Mama hali chakula," akasema Mbumi. "Anataka ubuyu. Asipokula leo, atalala zahanati."

Mama Yoeli alikuwa anachekecha unga. Akaacha pale pale. Akaingia ndani, akatoka na tunda kubwa, refu, la rangi ya majani makavu.

"Limebaki hili moja tu," akasema. "Msimu wake bado. Nilimwekea mwanangu Yoeli, anakuja Jumapili. Lakini Yoeli ni mzima, ana meno kama ng'ombe. Yeye atatafuna mahindi. Chukua, umpelekee Mama."

Mbumi akalipokea. Akaligusa. Lilikuwa laini. Lilikuwa na manyoya!

Macho pima, mdomo wazi!
"Ha! Makubwa haya! Tunda lina manyoya kama panya!"
"Makubwa! Panya!" akasema Nyemo, akarudi nyuma.

"Basi tulipasue tumtafute huyo panya," akasema Mama Yoeli.

Akaligonga juu ya jiwe. Ko! Ko! Ko! Pwaa!

Ndani hakukuwa na panya. Kulikuwa na vipande vyeupe, vikavu, kama chaki.

Macho pima, mdomo wazi!
"Ha! Makubwa haya! Ubuyu umepauka! Ubuyu ni mwekundu!"
"Makubwa!"

"Wekundu ni rangi tu, wanatia wenye kuuza," akasema Mama Yoeli. "Ubuyu wenyewe ni mweupe hivi hivi. Unakaukia huko huko mtini."

Akautia ubuyu wote kwenye bakuli. Hakubakiza hata kipande kimoja.
"Nenda nao taratibu. Nikimaliza unga wangu nakuja kumwona Mama."

Taratibu, taratibu, taratibu. Mbumi mbele, Nyemo nyuma.

Nyumbani kulikuwa kimya. Mama alikuwa amesinzia. Baba alikuwa bado bombani.

Mbumi akautazama ubuyu. Akakumbuka anachosema Mama kila siku:
"Osha kwanza, kula baadaye!"

Embe huoshwa. Nyanya huoshwa. Hata zabibu huoshwa, moja moja.

"Basi na ubuyu tuuoshe," akasema Mbumi.
"Tuoshe!" akasema Nyemo.

Mbumi akanawa mikono kwa sabuni. Nyemo naye akanawa. Kisha Mbumi akachota maji ya kunywa, yale yaliyochemshwa na kufunikwa, kwa sababu ubuyu huu ni wa Mama.

Chwaa! Akayamimina bakulini.

Suu, suu, suu, akasugua.
"Safi, safi, safi!" akaimba Nyemo.

Maji yakawa meupe.
"Looh! Ubuyu huu una uchafu!" akasema Mbumi. Akasugua zaidi.

Suu, suu, suu.
"Safi, safi, safi!"

Maji yakazidi kuwa meupe. Yakawa mazito. Yakawa kama maziwa.

Mbumi akatia mikono ndani, autoe ubuyu safi wa Mama.

Akatoa mbegu. Mbegu nyeusi, ndogo, ngumu.

"Mbuzi!" akasema Nyemo, maana zilifanana na vile vinavyodondoka nyuma ya mbuzi.

Mbumi akatafuta tena ndani ya bakuli. Mbegu. Mbegu. Mbegu tupu. Ubuyu umekwenda wapi?

Macho pima, mdomo wazi!
Lakini safari hii hakusema "Makubwa haya." Kilitoka kilio.

"Nimeumaliza ubuyu wa Mama! Ulikuwa mmoja tu! Sasa Mama atalala zahanati!"

Nyemo akamtazama dada yake. Naye akalia.

Mbumi akabeba bakuli mpaka mlangoni. Akaliinamisha, amwage yale maji machafu.

Nyemo akachovya kidole. Akakilamba.

Jicho moja likafumba. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Ulimi ukatoka nje.

"Kachu!" akasema Nyemo. Akachovya tena.

Mbumi akaacha kulia. Akaliweka bakuli chini. Naye akachovya kidole, akakilamba.

Uchachu ukapita ulimini, ukapanda mpaka kwenye nywele!

Macho pima, mdomo wazi!
"Ha! Makubwa haya! Ubuyu umo ndani ya maji!"
"Makubwa kachu!" akasema Nyemo.

Lakini je, Mama atautaka ubuyu wa maji? Mbumi akaingia chumbani polepole, na bakuli mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Niliuosha ubuyu wako. Ukawa maji."

Mama akafumbua macho. Akautazama uso wa Mbumi wenye machozi. Akatazama ndani ya bakuli.

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika.

"Usilie, Mama!" akasema Mbumi.

Mama hakuwa analia. Mama alikuwa anacheka! Tangu augue, hakuwa amecheka hivyo.

"Mbumi wangu! Hayo si maji machafu. Hiyo ndiyo juisi ya ubuyu! Watu huuloweka makusudi, wakaukoroga hivyo hivyo."

"Hodi humu ndani!" Mama Yoeli akaingia na chujio, na sukari kidogo kwenye karatasi. "Hee! Juisi tayari? Nani kaitengeneza?"

"Mimi," akasema Mbumi. "Lakini nilikuwa naosha."

"Ulikuwa unaosha ubuyu?" Mama Yoeli akajishika kiuno. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi kesho njoo kwangu, unioshee na chumvi!"

Kisha akaichuja juisi. Chururu, chururu. Akatia sukari, akakoroga, akampa Mama kikombe.

Mbumi akamshika Nyemo mkono.

Mama akanywa kidogo. Gu.

"Ni chungu, Mama?" akauliza Mbumi.

Mama akafumba jicho moja, kama Nyemo.
"Ni chachu," akasema. "Chachu hasa!"

Akanywa tena. Gu, gu, gu. Kikombe kikaisha.

"Kunywa, jirani," akasema Mama Yoeli. "Dawa ya homa ni ile ya zahanati, umeshaimeza. Lakini ubuyu una vitamini C nyingi. Unauamsha mdomo uliolala."

Mama akajiinua. Akakaa. Akaegemea mto.
"Ninyi," akasema. "Mbona nasikia njaa?"

Macho pima, mdomo wazi!
"Ha! Makubwa haya!" akapiga kelele Mbumi.
"Makubwa!" akapiga kelele Nyemo.

Baba akaja mbio na ndoo yake. Alidhani kuna jambo baya. Akamwona Mama amekaa, anacheka, na kikombe kitupu mkononi.

Baba akasahau kwamba ameshika ndoo. Chwaa! Maji yote miguuni!

"Ha!" akasema Baba. "Makubwa haya!"

"Baba, Mama ana njaa!" akasema Mbumi. "Leta uji!"

Baba akaupasha uji moto. Akataka kuutia ubuyu chunguni.

"Ngoja, shemeji!" akasema Mama Yoeli. "Usiuchemshe, utaua vitamini. Epua kwanza, upoe kidogo, ndipo utie."

Baba akaepua. Akatia ule ubuyu mzito uliobaki chini ya bakuli. Uji ukanukia vizuri.

Mama akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Akala mpaka kijiko kikasema kwaru, kwaru, kwaru, chini ya bakuli.

"Na hizi mbegu?" akauliza Mbumi. "Tuzitupe?"

"Usitupe!" akasema Mama Yoeli. "Nitazipeleka kwa wanaokamua mafuta, mafuta mazuri ya kupaka. Mbuyu hautupwi. Hata majani yake machanga tunapika mboga."

"Na majani? Ha! Nayo tunayaosha?"

"Hayo, mwanangu," akasema Mama Yoeli, "hayo yaoshe!"

Jioni ikaingia. Baba hakumpeleka Mama zahanati. Hakukuwa na haja.

Mama alilala kwenye kitanda chake mwenyewe. Mbumi akapanda upande huu. Nyemo akapanda upande ule.

"Mama," akanong'ona Mbumi, "kesho utalala wapi?"
"Hapa."
"Na kesho kutwa?"
"Hapa hapa."

Mbumi akasubiri Nyemo aseme naye "Hapa hapa." Nyemo hakusema. Alikuwa ameshalala, fofofo.

Mama akavuta shuka, likawafunika wote watatu.