Meza ya Sindano

Babu mzaa baba yangu alikuwa seremala. Mitaa mitatu ilimwita Mnyoofu, kwa kuwa hapana mlango aliouweka yeye ukaja kuburura sakafu. Baba yangu alirithi randa yake pamoja na sifa yake, akaiongeza. Waliooa na waliozika walimjia yeye. Mimi nikawa wa tatu. Mwanangu alichagua ualimu, nami simlaumu, ila damu haikupotea: ilimruka yeye ikatua kwa mwanawe, mjukuu wangu, ambaye watu humwita Taratibu. Jina hilo alibandikwa na majirani waliochoka kungoja viti vyao. Habari zake nazisimulia kichwa kikiwa juu. Niliyoyaona nayasema, nisiyoyaona nimeelezwa na wenyewe wawili, nao si waongo.

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, siku ya mwisho wa mwezi, watu wamebanana kama njugu ndani ya ganda. Taratibu alikwenda kununua gundi. Mbele yake katika foleni alisimama msichana mrefu, gauni la kijani limemkaa kana kwamba amemiminiwa, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amesahau kuuvua. Kwapani amebana boksi la kimeza cha dukani, kile cha kwenda kujiunganishia mwenyewe.

“Samahani, dada,” alisema Taratibu. “Hiyo meza unaipeleka wapi?”

“Kwangu. Kwani ni yako?”

“Ingekuwa yangu ningeona haya. Huo ni unga wa mbao uliogandishwa. Ukimwaga chai juu yake itavimba kama shavu lenye jino bovu.”

Mwenye duka akadakia kutoka nyuma ya kaunta: “Wewe Taratibu! Umekuja kununua au kunifukuzia wateja?”

Msichana akageuka, akamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele zilizojaa vumbi la mbao. “Taratibu? Hilo ni jina au ni onyo?”

“Ni uzushi wa majirani.”

“Basi nitengenezee wewe. Iwe ndogo, ya kukaa kando ya cherehani yangu, niweke mkasi na pini. Itakuwa tayari lini, wajukuu zangu wakiolewa?”

“Njoo uisimamie, kama huniamini.”

“Nitakuja. Mimi wananiita Sindano, na sikupewa jina hilo bure.”

Akalirudisha boksi rafuni. Mwenye duka akasonya.

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta wa jiko. Ina dirisha moja, benchi la kazi lenye jiriwa ya kubania mbao, na kila chombo kina mahali pake ukutani. Sindano alikuja Jumamosi ya kwanza, akaja na ya pili, na baada ya hapo nikaacha kushangaa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mke wangu. Umekuja kunitazama mimi, au huyu kijana asiyejua hata kuchana nywele?”

“Nimekuja kwako, babu. Huyu ni kisingizio tu.”

Taratibu alijifanya hasikii, huku masikio yakimcheza. Alimpa Sindano msasa alainishe miguu ya meza, akamwonya, “Usisugue kinyume cha nyuzi, utaukwaruza mti.”

“Mpenzi, unanifundisha mimi habari ya nyuzi? Kitambaa nacho kina uelekeo wake. Ukikikata vibaya, sketi inamzunguka mtu kiunoni kama inatafuta mlango wa kutokea.”

Walicheka mpaka nikagonga dirisha. Lakini nilimtazama yule binti akisugua. Hakuruka mahali, hata upande wa ndani wa miguu ambao jicho la mgeni halifiki. Nikasema moyoni: huyu ni wetu.

Kulikuwa na jambo moja juu yake. Shangazi yake, mwenye karakana kubwa ya ushonaji katika mji mwingine, alikuwa amemwita akaisimamie. Ilikuwa kazi ya heshima. Sindano alimwomba shangazi muda, wala hakumficha Taratibu sababu. “Nikienda,” alimwambia kwa simu, “nitamchokoza nani?” Kijana akabaki anapumua kwenye simu kama ng'ombe aliyepanda mlima.

Kwa kutaka kumfurahisha, Taratibu alilisaliti jina lake kwa mara ya kwanza maishani. Miguu aliichonga kwa mbao kavu, lakini uso wa meza aliutoa kwenye mbao ambazo hazijakauka sawasawa, ili amalize mapema. Mti ni kiumbe mwenye kinyongo. Siku aliyopanga kumkabidhi, aliweka rula juu ya ule uso, akaona mwanga ukipenya chini yake. Ubao ulikuwa umebenuka. Mteja wa kawaida asingeona kamwe, na rangi ingeuficha ubaya. Lakini katika nyumba hii kazi mbovu haifichwi. Aliufungua ule uso, akaubana kwenye jiriwa, akachukua msumeno. Nilikuwa dirishani. Nilimwona anakata, kifua changu kikajaa.

Wakati huohuo Sindano akaingia. Alikuwa amevaa gauni la manjano alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, nywele zimesukwa upya, mkononi kitambaa alichokitarizi cha kutandika juu ya meza yake.

“Unafanya nini? Hiyo si meza yangu?”

“Ndiyo.”

“Mbona unaikata?”

“Haifai.”

“Nini haifai? Meza, au mimi?”

Taratibu akanyamaza. Nyumba yetu ina kanuni nyingine: fundi hajitetei mbele ya mteja. Hasemi mti ulikuwa mbaya, hasemi mvua ilinyesha. Hurudia kazi na kufunga mdomo. Kanuni hiyo ni njema, nami naitetea mpaka leo. Lakini iliwekwa kwa ajili ya wateja! Kijana aliishika kwa ukamilifu mahali ambapo haikuitwa.

“Kama umenichoka, sema kwa kinywa chako,” alisema Sindano. “Usiniambie kwa msumeno.”

Akaondoka. Taratibu alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Kesho yake tukasikia kwamba Sindano amemkubalia shangazi yake na anafunga mizigo.

Kijana alinijia ameinamisha shingo. Sikumbembeleza. Nilimpandisha darini, nikampa mbao nilizozikausha tangu angali anatambaa. “Tengeneza,” nilimwambia. “Hujui atarudi au hatarudi. Tengeneza hivyo hivyo.”

Sindano kwa upande wake alikuwa akimalizia kazi za watu kabla ya safari. Alikuwa ameketi akifumua bega la gauni la bibi harusi wakati mama wa bibi harusi alipoingia na kupiga kelele. “We binti! Mbona unaliharibu gauni la mwanangu? Lilikuwa zuri!”

“Siliharibu, mama. Bega limevuta kidogo. Wewe hukuona, mimi nimeona. Kama nisingemheshimu mwanao, ningeliacha...”

Hakuimaliza sentensi. Alitazama nyuzi zilizokatwa mapajani mwake. Akamwomba yule mama aketi, akatoka uani na simu.

“Taratibu.”

“Naam.”

“Ile meza ilikuwa na kasoro gani?”

“Ubao ulibenuka. Kidogo. Wewe usingeona.”

“Na kwa nini hukunijibu, mtu mzima na ulimi wako?”

“Fundi hajitetei mbele ya mteja.”

“Mimi ni mteja wako?”

Taratibu akahamishia simu sikio la pili.

“Jibu! Nasikia unapumua tu.”

“Wewe si mteja.”

“Mimi ni nani, basi?”

“Njoo. Nitakuambia mbele ya babu.”

Alikuja vilevile alivyokuwa, na pini kifuani. Meza ilikuwa katikati ya karakana, imekamilika, kila kiungo kimekaa bila msumari hata mmoja. Hakuitazama juu. Aliipindua, akaikagua chini, kama anavyokagua bitana ya koti, akapitisha kidole kwenye viungo vyote. Kisha akaisimamisha polepole.

“Babu,” Taratibu alianza, jasho likimtoka, “nataka kumwoa huyu.”

“Anaolewa babu?” akauliza Sindano. “Mbona huniulizi mimi?”

Kijana akamgeukia. “Nilikosea kunyamaza. Nakupenda. Utakubali kuolewa na mimi?”

“Nakubali. Na kunyamaza kwako ukuache humu humu, kwenye maranda.”

Hapo hapo akampigia shangazi yake. Sauti ya mwanamke yule ilitufikia sote.

“Huji? Kisa?”

“Naolewa, shangazi.”

“Na nani?”

“Na seremala.”

“Ana nini huyo seremala?”

“Ana kazi safi, shangazi. Nimeipindua, nimeitazama mpaka chini.”

Katika miaka yangu yote nimesifiwa na wakubwa na wadogo, lakini sifa hiyo ndiyo nitakayozikwa nayo.

Enyi vijana, nisikilizeni, na mkae wima ninaposema. Kazi mbovu ivunjeni bila huruma, hata kama hakuna aliyeiona. Lakini anayekupenda akikuuliza kwa nini unaivunja, mjibu. Na kama wakati huu yuko mtu aliyeondoka kwako bila jibu, weka chini unachosoma umwendee. Sikusema kesho.